Haidroliki ya gia boksi inapungua na chini pakavu: tafuteni ilikokwenda kabla ya kuruhusu gia boksi ishushwe

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Wakuu, salamu kwenu.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, gereji na kwenye simu. Gari la miaka mingi, otomatiki, haidroliki ya gia boksi (ATF, mafuta ya gia otomatiki) inashuka. Mwenye gari anaongeza, inashuka tena. Analaza kadibodi chini ya gari usiku kucha, asubuhi kadibodi kavu. Fundi anatazama, anatikisa kichwa, anasema gia boksi imekwisha. Mwenye gari anaanza kuulizia gia boksi ya mtumba Kariakoo, naye hajui hata kama ile ya kwake ni mbovu. Linaniuma jambo hili, kwa sababu hela inayoteketea hapo ni ada ya watoto au kodi ya nyumba, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwenye kifaa kinachoenea kiganjani.

Msingi wa uzi wangu ni huu: gia boksi haili haidroliki. Injini inaweza kula oili, maana ringi za pistoni na sili za valvu zinapakana na moto. Ndani ya gia boksi hakuna moto. Pampu inaisukuma haidroliki, inajaza konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi), inabana klachi, inakwenda kupozwa, inarudi kwenye sampu, bakuli la chini. Mzunguko huo umefungwa. Ikipungua, ama imetoka nje, ama imeingia kwa jirani. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, jua gia boksi ya gari lako imepakana na nini.

Kwanza hakikisha inapungua kweli, maana upimaji wenyewe unachanganya watu. Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa gari likiwa kwenye usawa, haidroliki imepata moto, injini inawaka bila kukanyaga mafuta (sailensi), umeshapitisha gia zote na kurudi P, halafu unasoma upande wa HOT. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Mitsubishi nyingi za zamani zinataka N. Ukipima Honda kwa utaratibu wa Toyota, au Toyota asubuhi ikiwa baridi kisha ukasoma alama ya HOT, utaona upungufu ambao haupo, utaongeza, na hapo ndipo matatizo yanaanza. Haidroliki ikizidi, vinavyozunguka ndani vinaipiga mpaka inatoa povu, povu linapanda na kutokea kwenye tundu la kupumulia ukiwa kwenye mwendo. Unakuta uvungu umelowa, unadhani sili imekufa, kumbe ulijaza kupita kiasi. Kwenye Mercedes za zamani, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama robo lita na kitu, lita 0.3 hivi. Anayemimina lita nzima kwa sababu kijiti kiko chini kidogo ya alama amejaza kupindukia. Na kijiti kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa sababu nyuzi zikiingia ndani zinaweza kuziba njia nyembamba za valvu bodi, sehemu inayoongoza haidroliki ndani ya gia boksi.

Ukishajiridhisha kwamba inapungua kweli, ondoa uvujaji wa nje kwenye orodha. Gari lililoegeshwa halina presha kwenye gia boksi, kwa hiyo kadibodi kavu haithibitishi kitu. Paipu za kwenda kwenye rejeta zina presha injini ikiwaka tu. Sili za shafti zinavuja zaidi shafti ikizunguka, na upepo unasambaza haidroliki uvungu mzima kama filamu nyembamba inayoshika vumbi. Osha uvungu kwa mafuta ya taa na sabuni, ukauke kabisa, paka poda ya mtoto kwenye maungio, paipu na kandokando ya sampu, kisha endesha. Poda itaonyesha ilikoanzia. Gari liwe juu ya stendi, usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Hapo pakiwa pasafi, tunarudi kwa majirani.

Wa kwanza ni maji ya rejeta. Magari mengi yana kipoza haidroliki kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, haidroliki ndani ya bomba, maji nje yake. Bomba likitoboka, injini ikiwa inafanya kazi haidroliki ina presha kubwa kuliko maji, inaingia kwenye maji. Ukizima, presha ya gia boksi inaanguka papo hapo, lakini rejeta ya moto bado imebana, kwa hiyo sasa maji yanarudi kwenye gia boksi. Ndiyo maana kijiti kinakuja na rangi ya chai ya maziwa. Gari likifika hapo lisiendeshwe hata kurudi nyumbani, kwa sababu maji yanabandua gundi ya bitana za klachi.

Wa pili ni difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) au transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma). Gia boksi kadhaa za zamani zina chumba cha difu kilichotengwa, kina plagi yake ya kujazia, na kati yake na gia boksi kuna sili. Toyota A140E, iliyofungwa kwenye Camry za miaka ya 80 na 90, ni mfano mzuri. Sili ikichoka, haidroliki inahamia kwenye difu. Gia boksi inapungua, difu inajaa, na nje hakuna tone. Fungua plagi ya kujazia ya difu, na kama inamwagika kupita mdomo wa tundu, umepata jibu. Kwenye gari la propela mbele na nyuma, fungua ya transfa.

Wa tatu, injini yenyewe, ndiye anayesahaulika kuliko wote, na ndiye aliyenifanya niandike.

Mjomba wangu ana Mercedes-Benz 230E, mwili wa W123, gia otomatiki ya spidi nne. Gari lilianza kutoa moshi mweupe. Gereji moja ikasema gasketi ya silinda hedi. Nyingine ikasema ringi. Wakati huo huo gia zikaanza kuingia kwa kishindo, ya kwanza kwenda ya pili unahisi kama umegongwa kwa nyuma, na haidroliki ikawa inapungua. Gereji ya tatu ikasema gia boksi. Kwa hesabu zao mzee alikuwa na magonjwa mawili makubwa, injini na gia boksi, na hakuna aliyeuliza kwa nini yameanza pamoja.

Nilimuuliza mjomba maswali ya kawaida. Maji yanapungua? Hapana. Oili ya injini? Hapana, iko palepale. Moshi ni mbaya zaidi wakati gani? Akasema: nikitoka Iringa, nikishuka Kitonga nimeachia mafuta, sioni kitu, nikifika chini karibu na Ruaha Mbuyuni nikikanyaga tu, nyuma hakuonekani. Hapo nikajua pa kuanzia.

Ubavuni mwa gia boksi ile kuna kikopo cha bati cha mviringo, modyuleta. Ndani yake mna diaframu ya mpira. Upande mmoja kuna mpira mwembamba unaokwenda mpaka kwenye mnifodi ya injini, njia inayoingiza hewa kwenye silinda, unaleta mvuto wa hewa, vakyumu. Upande wa pili ni ndani ya gia boksi. Kazi yake ni kuiambia gia boksi injini imebeba mzigo gani. Mguu ukiwa mwepesi, vakyumu ni kali, gia boksi inashusha presha na gia zinabadilika kwa ulaini. Ukikanyaga, vakyumu inafifia, presha inapanda, klachi zinashika kwa nguvu. Sasa diaframu ikipasuka kwa uzee, mawili yanatokea kwa pamoja. Gia boksi inapoteza taarifa, inadhani muda wote injini iko kwenye mzigo mzito, kwa hiyo inabamiza gia. Na mnifodi inaanza kunyonya haidroliki kupitia ule mpira, inaipeleka kwenye silinda, inachomwa pamoja na petroli. Vakyumu ya mnifodi huwa kali kuliko wakati wowote pale unapoteremka umeachia mafuta na injini inashikilia gari. Kwa hiyo Kitonga yote ilikuwa inanyonya, na mwanguko ukiisha ukakanyaga, kilichokusanyika kinaungua kwa mkupuo.

Nikachomoa ule mpira upande wa modyuleta. Ncha yake ilikuwa imelowa. Nikaingiza kona ya kitambaa cheupe, ikatoka na doa jekundu lenye ile harufu ya haidroliki iliyopata moto. Mpira huo kazi yake ni kupitisha hewa peke yake. Ukikuta haidroliki humo, hakuna haja ya ubishi. Tukafungua na plagi za injini, moja ilikuwa imejaa masizi yenye mafuta na nyingine zote safi, yaani silinda iliyo karibu na mahali mpira unapoingia ndiyo iliyokunywa zaidi.

Modyuleta ikabadilishwa bila kushusha chochote. Inashikiliwa na kibati na bolti, ina oringi yake, na kinachomwagika ukiitoa ni kidogo. Gia boksi ya mjomba bado ni ile ile.

Kwa hiyo wenye magari ya zamani yenye modyuleta ya vakyumu, na hapa nasema Mercedes za W123 na W124, Datsun na Nissan za enzi za gia boksi ya Jatco 3N71B, na magari ya Kimarekani yenye gia boksi za Turbo-Hydramatic 350 na 400, ukiona moshi mweupe, gia kubamiza, haidroliki kushuka na chini pakavu, anza na mpira huo. Kuuchomoa ni dakika chache.

Nawasilisha, wenye uzoefu ongezeni.

Spana 17 ameandika:

Mkuu umeeleza vizuri, na modyuleta nimeikuta mara kadhaa. Ila mimi niko uvunguni kila siku na naomba nisimame upande wa pili kidogo. Magari mengi yanayoletwa kwangu na malalamiko haya yanavuja tu kawaida, na sehemu inayodanganya watu ni sili ya pampu ya mbele, pale konveta inapoingia. Inavujia ndani ya nyumba ya konveta, konveta inazunguka na kuirusha huku na huku, na kinachofika chini ni kidogo. Watu wakiona unyevu kati ya injini na gia boksi wanasema ni sili ya nyuma ya krenki.

Namna ya kutofautisha: toa kibati cha kukagulia chini ya nyumba ya konveta, pitisha kidole uangalie. Oili ya injini huwa nyeusi. Haidroliki hata ikizeeka inabaki na wekundu au ukahawia, na harufu yake iko tofauti. Ukikuta mchirizi unaanzia katikati na kusambaa kwenda pembeni kama miale, ni sili ya pampu. Ukikuta unateremka kutoka juu, angalia kava la valvu na paipu kabla hujamlaumu mtu wa chini.

Sili ya pampu ndiyo inayokulazimisha ushushe gia boksi kweli. Lakini kushusha kwa ajili ya sili na kununua gia boksi nyingine ni vitu viwili tofauti kabisa, fundi asikuchanganyie.

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Nakubaliana nawe Spana 17, na hilo la kibati ni muhimu, sikuligusa. Ndiyo maana nimesema uvujaji wa nje uondolewe kwanza. Ninachopinga ni kushusha kabla ya kuchungulia.

BiMkubwa2 ameandika:

Asante kaka kwa somo. Mimi nina Toyota Ist ya zamani, haidroliki inapungua, moshi hakuna. Je, nami nina hiyo modyuleta? Jambo moja nikumbushe, ilianza baada ya kubadilishiwa kapu la mpira la joint ya mbele kushoto.

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Dada, Ist haina modyuleta ya vakyumu, hilo lifute. Toyota za zamani zenye gia otomatiki zilitumia kebo kutoka kwenye throto, za baadaye zinatumia umeme, kwa hiyo injini haina njia ya kunyonya haidroliki.

Jibu lako umeshalitoa mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Wakati wa kubadilisha kapu, mara nyingi shafti huchomolewa kwenye gia boksi, na inapochomolewa au kurudishwa bila uangalifu, meno ya ncha yake yanakwaruza mdomo wa sili. Mwambie fundi akunje usukani, achungulie ndani ya tairi la kushoto, pale shafti inapoingia kwenye gia boksi. Akikuta pamelowa na vumbi limeganda, ni sili ya shafti. Sili yenyewe ni bei ndogo. Na aweke ATF inayotakiwa na gari, Ist ya zamani yenye otomatiki ya kawaida inatumia Type T-IV. Kama ya kwako ni CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na hatua za gia) haidroliki yake ni nyingine kabisa, usikubali kumiminiwa ATF ya kawaida kwa sababu zote zinafanana rangi.

Disco Nyekundu ameandika:

Niko Nairobi. Naongezea hapo kwa jirani wa pili. Nina Land Rover Discovery ya kwanza, otomatiki, ile gia boksi ya ZF ya spidi nne na transfa ya LT230 nyuma yake. Kwa muda mrefu nilikuwa naongeza ATF na sioni inakoenda. Makanika wawili wakaniambia nijiandae kununua gia boksi. Mmoja mzee akaniuliza swali moja: transfa umeifungua lini?

Tukafungua plagi ya kujazia, ile ya kando. Ikaruka. Transfa inafaa kuwa na oili nzito ya gia, rangi ya asali, na ilitoka kitu chepesi chenye wekundu, ikaendelea kutoka mpaka beseni likakaribia kujaa. Gia boksi ilikuwa inahamia kwa transfa kupitia sili ya shafti katikati yao. Ubaya wake ni mara mbili, gia boksi inakauka na transfa inazungusha meno yake kwa oili nyembamba isiyo yake.

Tulitoa transfa, tukabadilisha sili, tukaweka oili sahihi kila upande. Wenye Discovery na Range Rover za zamani, mkikuta gia boksi iko chini na transfa imejaa, sili ndiyo hiyo.

Land Cruiser za zamani za gia za mkono nazo zina mchezo huo, oili inahama kati ya gia boksi na transfa, unapima moja iko chini na nyingine imezidi. Ukipima zote mbili siku moja utaelewa mara moja.

Nyota ya Tanga ameandika:

Swali la haraka. Rejeta yangu maji yake ni mekundu. Nitajuaje kama ni haidroliki imeingia au ni kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) yenyewe? Gari ni Mark II.

Spana 17 ameandika:

Nyota ya Tanga, swali zuri, kwa sababu kulanti ya Toyota yenyewe ni nyekundu au ya waridi na watu wengi wamepata presha bure. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, chota kidogo weka kwenye bilauri yenye maji safi. Kulanti inayeyuka na kuyapaka maji rangi. Haidroliki inaelea juu inafanya macho ya mafuta. Pia pitisha kidole ndani ya shingo ya rejeta, kama kuna utelezi na uchafu mzito wa waridi umeganda ukutani, hiyo si kulanti. Kisha chomoa kijiti cha gia boksi. Kikiwa chekundu kinachoangaza, tulia. Kikiwa na ukungu wa maziwa, zima gari na uite gari la kuvuta.

Nami huwa nawashauri wenye rejeta zilizochoka wafunge kipoza haidroliki cha nje, cha kujitegemea, mbele ya rejeta, na zile paipu za ndani ya rejeta zizibwe. Kwa Dar na Tanga na Mombasa hakuna baridi ya kuifanya haidroliki ishindwe kupata moto, kwa hiyo hupotezi kitu.

Dizeli Tupu ameandika:

Mkongwe, mbona umetusahau sisi wa dizeli? Nina 300D W123, Mombasa. Haina moshi mweupe wala nini, ila haidroliki inapungua, na ajabu ni kwamba kijiti cha injini kinapanda! Nikizima ufunguo injini inaendelea kwa sekunde kadhaa ndipo inakufa. Na milango haijifungi yote kwa pamoja kama zamani.

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Dizeli Tupu, sikuwasahau, nilihofia uzi kuwa mrefu. Umeeleza ugonjwa kwa ukamilifu wake.

Injini ya dizeli haina kibao cha throto kinachoziba hewa kama ya petroli, kwa hiyo mnifodi yake haina vakyumu ya kutegemewa. Mercedes wakaweka pampu ya vakyumu mbele ya injini. Pampu hiyo ndiyo inayohudumia buster ya breki, kufuli za milango, kifaa cha kuzima injini, na modyuleta ya gia boksi, wote kwenye mtandao mmoja wa paipu nyembamba. Diaframu ya modyuleta ikipasuka, pampu inavuta haidroliki kwenye mtandao huo. Inachokivuta inakitema ndani ya injini, ndiyo maana oili ya injini inaongezeka. Kwa kuwa kuna tundu, vakyumu inakosa nguvu, milango inachelewa na injini inagoma kuzima.

Usisubiri kwenye hili. Kwanza, haidroliki inaizimua oili ya injini yako. Pili, breki zako zinategemea vakyumu hiyo hiyo. Chomoa mpira wa modyuleta, ukikuta unyevu uzibe kwa bolti inayoenea ili mtandao mwingine upate nguvu, endesha polepole mpaka kwa fundi. Gia zitabamiza, ndiyo, kwa kuwa gia boksi itakuwa kwenye presha ya juu, lakini kwa safari fupi haitadhurika. Ukibadilisha modyuleta badilisha na oili ya injini, na paipu zote zilizoingia haidroliki zioshwe na kupulizwa, kwa sababu haidroliki ikikaa humo inalainisha mipira na diaframu za vifaa vingine.

Kijana wa Temeke ameandika:

Kuna dawa zinauzwa kwenye vichupa za kuzuia uvujaji wa gia boksi. Zinasaidia?

Spana 17 ameandika:

Zinalainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Sili iliyokauka kwa kukaa muda mrefu bila gari kutembea inaweza kupata nafuu kwa muda. Sili iliyochanika, bomba la kipoza lililotoboka, diaframu iliyopasuka, hapo hakuna chupa itakayoshona. Na ukiweka kabla ya kujua tatizo unaweza kulainisha hata sili zilizokuwa nzima.

Mzee wa W124 ameandika:

Mkongwe, nimesoma uzi wako jana usiku, leo mchana nimechuchumaa kwenye 230E yangu, hii W124. Nimechomoa mpira. Umelowa mwekundu, nikaukung'uta ukatoa matone. Gereji niliyoizoea ilikuwa imeshanipa makadirio ya kufungua silinda hedi. Nimeagiza modyuleta. Sasa nina maswali mawili. Zinauzwa za rangi tofauti tofauti, nichukue ipi? Na nyuma yake kuna kikofia cha mpira, nikikitoa naona kitu cha kuzungusha, nikifanyeje?

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa kuchuchumaa mwenyewe.

Rangi ina maana. Modyuleta za familia hiyo ya gia boksi zinafanana umbo, ila springi za ndani zimepangwa kwa injini tofauti. Ya dizeli ukiifunga kwenye petroli, gia hazitakaa sawa hata urekebishe vipi. Chukua rangi ile ile iliyotoka, au umpe muuza spea namba ya gia boksi iliyogongwa kwenye bodi yake. Kama iliyokuwemo ilishawahi kubadilishwa, usiamini rangi, tumia namba.

Hicho cha kuzungusha kinarekebisha presha. Ukikaza, presha inapanda na gia zinaingia kwa ukali zaidi; ukilegeza, zinakuwa laini. Kipimo sahihi ni geji ya presha inayofungwa kwenye gia boksi, na fundi wa Mercedes mwenye geji hiyo anastahili malipo yake. Usilegeze sana kutafuta ulaini, maana presha ikiwa ndogo klachi zinateleza, na klachi zikiteleza zinaungua. Afadhali gia iingie kwa ukali kidogo. Ifunge mpya kama ilivyotoka dukani, endesha, ndipo uamue kama kuna haja ya kugusa.

Badilisha na huo mpira wa vakyumu pamoja na viungio vyake vidogo vya mpira. Ukifunga modyuleta mpya kwa mpira uliopasuka upande wa mnifodi, gia zitaendelea kubamiza na utadhani umeuziwa kifaa kibovu. Oringi nayo iwe mpya, ipakwe haidroliki kidogo kabla ya kuingia.

Mzee wa W124 ameandika:

Marahaba mwanangu. Namba nimeipata, imegongwa kwenye bodi, nimempigia picha muuza spea. La mwisho: nikishafunga, moshi utakoma palepale?

Mkongwe wa Barabara ameandika:

Hautakoma palepale, mzee. Kuna haidroliki imelala kwenye mnifodi na ndani ya silensa, itaungua taratibu. Tembea na gari barabara ndefu, injini ipate moto kamili, moshi utapungua kidogo kidogo mpaka uishe. Safisha plagi au weka mpya, hasa ile utakayoikuta imejaa masizi. Weka haidroliki mpaka kati ya alama mbili ikiwa moto, andika kiwango, pima tena baada ya wiki kwa utaratibu ule ule. Kikibaki palepale na moshi bado upo, ndipo turudi kwenye injini, na hapo tuanze na kupima kompresheni kabla ya mtu kugusa bolti za silinda hedi.